Faki, Mwanao Kahama Kengeja

Faki, yakhe,

Tangu tukufukie mimi nalala usingizi mzito kukushinda wewe. Nikishaswali Isha naweka ubavu chini, na anayenitaka anisubiri mpaka alfajiri. Watu wananiuliza, Mzee Kombo, mbona umenawiri hivi? Nawajibu kwamba nimepumzika na Faki, hakuna tena wa kunigongea dirisha kuniuliza kama mbuzi anayelia ni wangu au ni wake.

Uongo. Na wewe ungeujua kabla sijafika kwenye mbuzi. Silali, Faki. Nafumba jicho moja, na hilo nalo linachungulia. Gari ikipanda kile kilima cha kwenu naijua kwa mlio wake: hii ya mchanga, hii ya abiria, hii ya yule kijana mwenye bomba la moshi lililotoboka. Na kila inayopita bila kusimama inaniacha moyo unadunda kama ngoma ya harusi ambayo bwana harusi hajatokea.

Shehe wetu wa msikitini anasema maiti hasomi barua. Nikamwambia Faki alipokuwa hai pia alikuwa hasomi, nilikuwa namsomea mimi, na mimi mwenyewe wa skuli ya nusu nilikuwa nayaruka maneno marefu. Kwa hiyo hapajaharibika kitu.

Naandika kwa sababu ya mwanao Riziki, muuguzi wetu. Kuna jambo nimelifanya, na sitaki ulisikie kwa mwengine atakayetangulia kuja huko. Mzee Shaame wa bondeni ana kikohozi kibaya siku hizi, na unamjua kwa umbeya.

Unakumbuka mwenyewe ulivyonishika mkono. Bi Saumu wako alikuwa jikoni anakuchemshia uji ambao hukuunywa, Riziki ameteremka kisimani. Ukaniambia, "Kombo, Riziki asilale nje ya nyumba hii. Afanye kazi popote, lakini arudi kwao." Mimi nikakwambia ndiyo. Ningefanya nini? Mtu anakata roho umwambie ngoja nikafikirie?

Nikautoa wasia huo mbele ya watu siku ya hitima yako, nikakohoa kidogo kwanza ili niwe mkubwa. Toka siku ile ukawa wasia wa Faki. Na hapa kwetu unapajua, neno la maiti halina wa kulirekebisha. Aliye hai utabishana naye, utamnunia, mwisho atalegea. Wewe tukubishie wapi?

Basi mwanao akaushika wasia wako kama alivyoshika kazi yake, kwa mikono miwili. Wewe ulikuwa ukimfikisha barabarani alfajiri na kugeuza. Mimi nilipoirithi tochi yako na kazi yako nikaanza kumuuliza habari za huko mbele, maana safari ya mtu haimalizikii unapomwachia. Gari ya kwanza inamtoa Kengeja hadi Mtambile. Mtambile anasimama, mvua ikinyesha anasimama nayo, anasubiri ya kwenda mjini Chake Chake. Sare yake nyeupe ameikunja ndani ya mfuko wa plastiki, viatu vya kazi ndani ya mfuko mwengine, miguuni kandambili, kwa sababu tope letu jekundu halimjui muuguzi. Akifika hospitali anabadilisha nguo, na kazi ya kusimama inaanza. Sisi tunadhani amekwenda kazini, kumbe akifika kazini ameshafanya kazi.

Na kurudi ni vilevile kwa kinyume, ila jioni magari yanapungua. Wa kumpokea kazi akichelewa, yeye hawezi kuwaacha wagonjwa peke yao, na gari ya mwisho ya huku haimsubiri mtu. Hapo anachukua pikipiki ya yeyote, na mimi hapa barazani natafuna kofia. Kuhamishiwa karibu na nyumbani aliomba. Jibu nalo liko njiani, kama yeye.

Halafu akishuka garini anatukuta sisi. Ndiyo, sisi. Kina mama wamekaa kwenu wanasubiri kupimwa presha, mmoja ana mtoto mwenye upele, na mimi hapo mwisho wa foleni na goti langu. Anatuhudumia wote na mfuko wake bado uko begani. Bi Saumu anamwekea chakula, na mara nyingine nimemwona amelala na tonge mkononi. Miguu imevimba juu ya kifundo, ukiibonyeza alama ya kidole inabaki. Alinionesha mwenyewe huku anacheka, anasema, "Ami Kombo, mimi mwenyewe ndiye mgonjwa wangu wa mwisho wa siku."

Asubuhi nilikuwa najiona askari. Natangulia na tochi, nampigia hadithi zako, ile ya siku ulipokimbizwa na bata wa mamako mkwe, na ile ambayo uliniapisha nisimwambie mtu. Anacheka mpaka barabarani. Nikirudi nanyanyua kidevu, nasema nimemsindikiza binti wa watu.

Sasa sikiliza. Siku moja Bi Saumu ananiita ukumbini, anaanza kuzungukazunguka kwa adabu, shemegi hivi, shemegi vile, shemegi usinielewe vibaya. Kumbe mwanao anaamka mapema zaidi kwa ajili yangu. Peke yake angefika barabarani kwa miguu yake ya kijana, akapata usingizi kidogo zaidi. Lakini na mimi mbele, na fimbo, na hadithi, lazima atoke usiku bado mbichi. Na amemkataza mamaake asiniambie, asije akanivunja moyo.

Faki, nilitamani nikufuate siku hiyo hiyo.

Nikatia akili. Asubuhi ya pili sikutoka. Nikamtumia salamu kwamba goti limekaza, aende tu. Nikajilaza nikijisifu. Mara hodi, mwanao huyo mlangoni na mfuko wake, amekuja kuliangalia goti. Amelibonyeza, amelikunja, amelinyoosha, ameniuliza kama nimepata homa, na mimi nagugumia nikiigiza maumivu kwa goti ambalo siku hiyo, wallahi, halikuwa na kitu. Gari ikapita. Tukaisikia wote wawili. Akasema hapana neno ami, afya yako kwanza. Nikajifunika shuka usoni.

Hayo ya kuchekesha. Lakini kuna alfajiri moja hakucheka. Nilikuwa kwenye ile ya bata, nikaona kimya, nikageuza tochi nikakuta anatembea huku amefumba macho. Nikamgusa bega. Akaniambia jambo ambalo sikulipeleka kwa Bi Saumu mpaka leo. Akasema, "Ami, jana nilisimama wodini na sindano mkononi, nikasahau ni ya nani." Nikamuuliza ukafanya nini. Akasema alimwita mwenzake, wakaimwaga, wakaanza upya kutoka kwenye cheti. Hakuna aliyedhurika. Kisha akasema, "Siku hiyo nilimwita. Siku nitakayodhani nakumbuka?"

Nikaendelea kutembea. Nilijua dawa yake ni nini, mjinga hata mimi nilijua. Mwenzake mmoja wa kazini, binti wa Wete, amekodi nyumba karibu kabisa na hospitali, na chumba kimoja kitupu. Alishamwambia Riziki aje wakae pamoja, siku za mapumziko arudi kwao. Riziki alimkatalia. Bi Saumu naye alilijua, na hakusema lolote, maana yeye wasia hakuusikia kwa masikio yake, ameusikia kwangu. Wote wawili walikuwa wananitazama mimi. Na mimi nilikuwa nakutazama wewe, na wewe umelala zako chini ya mchanga, hata huulizi.

Sikusema. Niliogopa. Niliogopa kuwa Kombo aliyevunja neno la Faki, na watu wangesema, maana hapa tuna kazi gani nyengine. Na niliogopa, nikuambie kweli, ile nyumba yenu bila wewe na bila Riziki.

Basi ikaja siku ya majamvi. Hii utacheka, halafu utanyamaza.

Riziki alikuwa wa kurudi alasiri. Alasiri ikapita. Nikapiga simu, haipatikani. Nikasema chaji imekwisha. Gari ya kwanza ikapanda kilima, ikapita. Ya pili ikapita. Nikamsimamisha dereva wa tatu, akasema yeye ametoka Mtambile na hakumwona muuguzi pale. Magharibi ikaingia. Nimeswali, Mungu anisamehe, sijui niliswali rakaa ngapi. Tulipotoa salamu nikasimama mbele ya watu nikaomba wanisaidie kumsomea Riziki Yasini, yuko njiani na hajafika, twende barazani kwao tukasome pale pale ili na mamaake apate moyo. Watu wema, wakakubali. Lakini kwenu baraza ni sakafu tupu. Nikaingia stoo ya msikiti, nikayabeba majamvi, mimi mwenyewe, kichwani, nikapita nayo katikati ya mji wote.

Umeshanifahamu. Yale majamvi yanatoka msikitini kwa jambo moja tu. Yakionekana yamepita, mtu wa Kengeja haulizi kama kuna msiba. Anauliza ni nani. Wale tuliokuwa msikitini tulijua tunakwenda kumwombea aliye hai. Wengine wote waliona majamvi yanakwenda kwa muuguzi, na muuguzi hajarudi. Wangefikiri nini?

Nakuapia sijatua la mwisho, kina mama wa mtaa wa juu wameshafika, vichwa wamejifunga kanga, wanapita mlango wa uani wanalia. Bi Saumu alipowaona wanalia, akafahamu kwamba wao wameambiwa asiloambiwa yeye. Akaanguka. Wakazidi kulia. Sisi nje tuliposikia kilio ndani, tukafahamu kwamba ndani wamepata habari kwa simu. Na mimi, Faki, mimi niliyeyabeba majamvi, mimi niliyejua kwa nini nimeyabeba, nikaamini. Kitabu kikanitoka mkononi. Mzee Shaame akaja na jembe begani akaniuliza kwa upole kama kaburi litakuwa ubavuni mwa babaake. Nikamwambia ndiyo, ubavuni. Nikamwonesha kwa mkono ni upande gani.

Hapo ndipo pikipiki ikasimama.

Mwanao alikuwa amelala garini. Basi. Hilo tu. Alipanda Chake, akakaa, akalala, Mtambile ikampita, wala hakusikia utingo anaita, na utingo hakumgusa mtoto wa kike aliyelala. Akazinduka Mkoani, gari tupu, anatazama bandari. Simu imekufa. Akangoja usafiri wa kurudi, haukupatikana, mwisho akabembeleza pikipiki.

Akashuka. Akaona majamvi, akaona wanaume wamekaa, akasikia kilio cha kina mama ndani. Hakumtazama mtu. Ameiangusha mifuko yote miwili njiani, sare ikaangukia kwenye tope, akapita kati yetu anakimbia, anaita "Mama, mama," sauti ambayo hata ulipokufa wewe hakuitoa. Yeye alidhani ni Bi Saumu.

Ndani kilio kikakatika. Halafu akatoka mama mmoja akicheka na kulia, akasema wazima wote wawili, wameshikana sakafuni hawataki kuachana.

Watu wakanigeukia. Wewe ungesema nini? Mimi nilisema, "Basi tumalizeni Yasini, tumeshafika nusu." Tukaimaliza. Mzee Shaame aliliweka jembe nyuma ya mlango kama halikuwa lake.

Tulipomaliza Riziki akatoka nje kutushukuru kwa kumwombea, akanibusu mkono, akakaa ukingoni mwa jamvi angoje chai wanayotupikia. Chai haikumkuta. Alilala pale pale, Faki, juu ya jamvi la msiba wake mwenyewe, kandambili moja mguuni. Na wale wanaume wote, wachuuzi wa ndizi wenye sauti za sokoni, wakanyanyuka mmoja mmoja, wakachukua viatu vyao mikononi, wakaondoka kwa ncha za vidole ili asiamke. Hakuna aliyetoa majamvi. Nilikaa kando yake nikimpungia mbu kwa kofia mpaka mamaake alipomfunika.

Kulipokucha nikaenda kwa Shehe. Nilimwambia yote, na ya sindano pia. Nilitaraji atafungua vitabu. Akaniuliza tu, Faki alisema asilale nje kwa sababu gani, kumwonea au kumpenda? Nikasema kumpenda. Akasema basi mlinde kwa kile babaake alichokitaka, usimuue kwa maneno aliyoyatumia. Nikamuuliza, na watu? Akasema watu nitawajibu mimi, wewe kajibu nyumbani.

Nikaenda nyumbani. Bi Saumu alikuwa anafua ile sare, anaisugua tope. Riziki, zamu yake siku hiyo ya mchana, anafunga mfuko aende tena. Niliyafikiria maneno mazuri njia nzima, yakanikimbia yote mlangoni. Nikasema, "Riziki, babaako aliniachia mimi lile neno. Na mimi nakufungulia. Nenda kalale karibu na kazi yako."

Alimtazama mamaake. Bi Saumu aliikamua sare, akaikung'uta, akasema, "Shemegi, nilikuwa nakungoja." Hakuninyanyulia hata uso.

Riziki ndiye aliyeuliza, kwa sauti ndogo, kama wewe utakuwa radhi. Nikamwambia Faki nitamalizana naye mimi, sisi tumezoea kugombana.

Kwa hiyo yuko Chake sasa. Alihama na godoro lake, ndoo, na ile picha yako uliyokunja uso kama unadai kodi. Siku zake za mapumziko anakuja. Mara ya kwanza aliyokuja niliitazama miguu yake kabla ya uso. Kifundo kinaonekana. Anakula chakula mpaka mwisho na anazungumza huku anakula. Na yeye amebadilisha jambo moja: wenye presha sasa wanakuja siku anayowapangia, na mimi na goti tumo humo humo, hatupiti mlango wa nyuma.

Sasa unadhani mimi nimetulia? Zamani nilikuwa nahofia barabara. Siku hizi nahofia kila kitu ambacho sikioni. Sijui mlango wa nyumba ile una komeo la namna gani. Sijui akipata homa usiku nani atajua kwamba hapendi kuguswa paji la uso. Simu ikilia nahofia, isipolia nahofia. Alfajiri naamka saa zile zile, nashika tochi, nafika hadi mlango wa kwenu ndipo nakumbuka. Bi Saumu huwa ameshaamka. Ananipa chai, tunakaa, tunazisikiliza gari zinapanda na hakuna hata moja ya kwetu. Yeye hasemi, mimi nasema kwa wote wawili.

Na bado sijui, Faki. Watu wanasema nimefanya vyema. Shehe anasema nimefanya vyema. Lakini wao hawakushikwa mkono na wewe. Mkono wako siku ile ulikuwa na nguvu kushinda siku zote ulizonisaidia kubeba kitu.

Hiki ninachokuahidi ukiandike pahala. Nitapanda gari mwenyewe nifike Chake nilitazame lile komeo, na kama si zuri nitalitia jengine kwa mkono wangu. Bi Saumu hatochota maji wala kukata kuni nikiwa natembea. Na siku mwanao atakapojibiwa habari ya uhamisho akarudi kazini karibu na hapa, nitakuja kaburini kwako kukwambia kabla sijamwambia Shaame, ingawa itaniuma.

Kwaheri, sahibu yangu. Mola akupanulie huko, na akustahamilie mdomo wako.

Na mimi nina haki yangu moja kwako, nimeinyamazia muda mrefu. Mimi ndiye niliyekuosha. Wenzangu walishika kichwa na mabega, kazi za heshima, mimi wakaniachia miguu. Visigino vyako, Faki, vilikuwa kama gome la mnazi. Nilivisugua mpaka vikawa vya bwana harusi, na amana ni amana, sijamwambia mtu. Ulikuwa huwezi kuguswa nyayo bila kuruka. Siku ile nilizigusa hukuruka, ndipo nilipojua kwamba kweli umekufa.

Kwa kazi ile hukunipa hata ahsante. Basi nifanyie dogo hili: siku nikija, usinianze mlangoni na habari ya Riziki. Nijibie salamu. Niache kwanza nikae.

Ni mimi,
Kombo